Nguvu ya rekodi za jukwaani katika kantri-roki inatoka wapi?

Swali: Mimi ni mpiga gitaa katika bendi ndogo ya kantri hapa Nakuru, na mwisho wa juma huwa tunapiga kwenye kumbi za vinywaji. Nimekuwa nikisikiliza rekodi za matamasha za Johnny Cash, Waylon Jennings na wenzao wa miaka ya 1960 na 1970, na kila mara zinanishika kuliko albamu zao za studio, ingawa sauti si safi na makosa yanasikika waziwazi. Nguvu ile inatoka wapi hasa? Na je, ninachokisikia ndicho kilichotokea siku ile, au mafundi walikipika baadaye? Nauliza kwa sababu sisi pia tunataka kurekodi onyesho letu.

Jibu: Ndugu yangu, wengi wakiulizwa swali lako la kwanza hutaja umati, yaani makofi, miluzi na vigelegele. Mimi naanza na wapigaji wenyewe, kwa kuwa umati ndio sehemu rahisi kuliko zote kughushiwa, kama tutakavyoona. Katika Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kurekodi kantri, miaka ya 1960 bendi iliyozunguka na mwimbaji barabarani mara nyingi haikuwa ile iliyopiga kwenye albamu zake. Kampuni za rekodi ziliwaita wapigaji wa studio, kundi dogo la watu hodari sana waliofanya kazi kwa vipindi vya saa tatu, na kila kipindi kilitarajiwa kutoa nyimbo tatu au nne zilizokamilika. Asubuhi walimpigia mwimbaji huyu, mchana yule, jioni mwingine. Ustadi wao hauna ubishi, lakini wimbo walioupiga mara nyingi walikuwa wameusikia kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Bendi ya barabarani, kwa upande wake, ilikuwa imeupiga wimbo huo usiku baada ya usiku mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheze, na ilikwishajua ni wapi pa kukaza, ni wapi pa kuachia na ni wapi mwimbaji hupenda kuchelewesha neno. Kwa hiyo unapolinganisha albamu ya studio na rekodi ya tamasha ya mwimbaji mmoja wa enzi hizo, mara nyingi unalinganisha bendi mbili tofauti.

Waylon Jennings ndiye mfano ulio wazi zaidi. Kwa miaka mingi alivutana na kampuni yake, RCA, akitaka kuingia studio na watu wake mwenyewe na kujichagulia nyimbo, na uhuru huo alianza kuupata kwa mkataba mpya wa mwaka 1972. Albamu ya Waylon Live, iliyorekodiwa Dallas na Austin mnamo Septemba 1974 na kutolewa miaka miwili baadaye, inaonyesha alichokuwa akikipigania. Sikiliza dramu kubwa ya Richie Albright inavyotua kwenye kila pigo, manne kwa kila mzunguko, na besi ikiambatana nayo bila mapambo, huku gitaa la chuma la Ralph Mooney (lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi) likijibu kila mstari wa mwimbaji kwa ukali ambao maprodyusa wengi wa wakati ule wangeulainisha kwa fidla kumi na kwaya ya nyuma. Ule mwendo mzito ulikuwa mtindo wa kumbi za dansi za Texas, na ulifika kwenye sahani ya santuri bila kupitia mikono ya mtu wa kuuremba. Ukiweza, tafuta toleo refu la mwaka 2003, kwa kuwa lile la kwanza lilichagua nyimbo chache tu, na mtiririko wa onyesho zima haupatikani humo.

Jambo la pili ni la kifundi, na wewe kama mpiga gitaa utalielewa upesi. Studioni kila chombo huwekewa uzio wake, dramu katika kijumba chao, mwimbaji katika chumba chake na vifaa vya masikioni, ili kila sauti ikae peke yake kwenye mkanda na fundi aweze kuipandisha, kuishusha au kuifuta bila kuzigusa nyingine. Jukwaani jambo hilo haliwezekani. Dramu huingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, gitaa huingia kwenye maikrofoni za dramu, na sauti ya mwimbaji, ikishatoka kwenye spika za ukumbi, huzirudia maikrofoni zote kwa kuchelewa kidogo. Fundi akipandisha sauti ya mwimbaji, matoazi nayo hupanda. Mafundi wengi hulaani uvujaji huu, na wana sababu, kwa maana unawafunga mikono. Lakini uvujaji huohuo ndio unaofanya sikio liamini kwamba watu hawa walikuwa chumba kimoja kwa wakati mmoja, na ndio unaozuia kosa lisifutwe, kwa kuwa noti mbovu ya gitaa imekwishanaswa na maikrofoni nyingine nne. Mpigaji anayejua kwamba hakuna kurudi nyuma hupiga kwa namna nyingine kabisa.

Tukio la Luckenbach, Texas, la Agosti 1973 linathibitisha kwamba hata watazamaji si lazima wawepo wakati wote. Mwimbaji Jerry Jeff Walker aliipeleka bendi yake kwenye ukumbi wa dansi wa mbao katika kijiji hicho ambacho wakazi wake ni wa kuhesabu kwa vidole, likaletwa gari la kurekodia kutoka New York, na marobota ya majani makavu yakapangwa kati ya wapigaji ili kupunguza, bila kumaliza, sauti kuvuja kutoka chombo hadi chombo. Nyimbo nyingine zilipigwa ukumbi ukiwa mtupu, na nyingine usiku wa onyesho lenyewe, ambapo watu wanasikika wakiimba kiitikio kwa furaha isiyojali funguo za muziki. Albamu hiyo, ¡Viva Terlingua!, ina ule mguso unaouulizia kuanzia mwanzo hadi mwisho, iwe kuna watu ukumbini au hakuna. Watu waliokaa duara moja, wakitazamana, wakapiga wimbo hadi ukaisha: kwangu mimi hilo lina uzito kuliko makofi.

Lakini kama unataka kusikia kitu hiki kikiwa kikali kupita kiasi, rudi nyuma hadi tarehe 5 Aprili 1964, kwenye klabu ya Star-Club mjini Hamburg, Ujerumani. Jerry Lee Lewis, mwimbaji na mpiga piano wa rokenroli, alikuwa ameporomoka kibiashara, na mafanikio yake makubwa katika kantri yalikuwa bado miaka kadhaa mbele. Waliompigia walikuwa vijana wa Kiingereza, kundi la Nashville Teens, ambao licha ya jina lao hawakuwa watu wa Nashville hata kidogo. Prodyusa Siggi Loch aliweka maikrofoni karibu sana na vyombo, na piano ikanaswa kwa sauti kubwa kiasi kwamba katika nyimbo kadhaa inawafunika wengine wote. Hapo usikilize jambo moja hasa: bendi inamfukuza mwimbaji. Lewis anaanza wimbo kwa kasi anayoitaka yeye, wenzake wanaruka kumfuata, wanakaribia kumfikia, naye anaongeza. Katikati ya vurugu hiyo anauimba wimbo wa nguli wa kantri Hank Williams, Your Cheatin' Heart, na unasikia kantri na rokenroli zikiwa kitu kimoja miaka minne kabla ya waandishi wa muziki kuanza kutafuta jina la mchanganyiko huo. Kwa vipimo vya kifundi rekodi hii ina dosari nyingi. Mimi naiweka juu ya karibu kila nyingine ya jamii yake.

Hapo tunafika kwenye mwendo. Jukwaani damu huchemka, na wimbo huanza haraka kuliko studioni, kisha huzidi kuongezeka kasi kuelekea mwisho, hasa baada ya kipande cha gitaa cha peke yake. Leo studio nyingi huwapa wapigaji mlio wa kuhesabu mapigo masikioni ili mwendo usibadilike hata chembe, jambo linalorahisisha kukata na kuunganisha vipande. Katika rekodi za zamani za jukwaani mwendo hupumua: hukaza kwenye kiitikio, hulegea kidogo mwimbaji anapotaka maneno yasikike. Sikio la msikilizaji halihesabu mapigo, ila linajua kama kuna mtu anayeamua au hakuna. Ukitaka mfano wa bendi iliyoishi kwa mwendo huo, msikilize mpiga gitaa la chuma wa bendi ya kantri-roki ya Poco, Rusty Young, katika albamu ya Deliverin' ya mwaka 1971, iliyorekodiwa Boston na New York. Young alikuwa na mazoea ya kupitisha gitaa lake kwenye spika ya kuzunguka iliyotengenezwa kwa ajili ya kinanda, na anapozidiwa na mwendo wa bendi hugeuza gitaa kuwa kinanda kizima.

Sasa umati, na pamoja nao swali lako la pili. Tarehe 13 Januari 1968 Johnny Cash alifanya maonyesho mawili katika bwalo la chakula la gereza la Folsom, California, moja asubuhi na la pili baada yake, ili kama la kwanza likiharibika pawe na la akiba. Karibu albamu yote ilitokana na lile la kwanza. Kabla Cash hajapanda, mshereheshaji aliwaambia wafungwa wasishangilie atakapotokea, wanyamaze mpaka atakapojitambulisha mwenyewe. Kwa hiyo ule ukimya unaofuatwa na jina lake na mlipuko wa sauti ni jambo la kweli lililopangwa. Mlinzi anayeita namba ya mfungwa kwenye spika kati ya nyimbo ni wa kweli pia, na Cash kuangua kicheko katikati ya wimbo wa huzuni ni kweli. Lakini ile shangwe kali inayosikika mara tu anapoimba kwamba alimpiga mtu risasi ili amwone akifa iliongezwa baadaye wakati wa kuhariri. Wafungwa wenyewe, wakiwa chini ya macho ya walinzi wenye silaha, hawakuthubutu kushangilia mstari kama ule. Toleo la mwaka 2008 lina maonyesho yote mawili, na ukilisikiliza utaona kwamba ukweli una mvutano mkubwa zaidi kuliko nyongeza: watu wanaojizuia, kisha wanajiachia mahali ambapo ni salama kujiachia. Binafsi naona yule aliyeibandika shangwe ile hakuwaelewa watazamaji wake.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 1969, Cash alirekodi katika gereza la San Quentin mambo mawili ambayo studio isingeyatoa. Wimbo aliouandika kulilaani gereza hilo uliwasha moto kiasi kwamba wafungwa walidai urudiwe papo hapo, na albamu ina uimbaji wa mara zote mbili, mmoja baada ya mwingine. Na A Boy Named Sue, wimbo ulioandikwa na Shel Silverstein, ulikuwa mgeni kwake. Aliusoma kutoka kwenye karatasi, bendi ikimfuata kwa kubahatisha mwendo chini yake, na vicheko unavyovisikia ni vya watu wanaosikia kisa kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu ambaye naye karibu ndiyo kwanza anakisoma. Rekodi hiyo ilifika nafasi ya pili kwenye chati kuu ya Marekani.

Kwa hiyo jibu la swali la kama kuna mapishi ni ndiyo, na viwango vyake hutofautiana sana. Upande mmoja yupo mwimbaji Gram Parsons, ambaye albamu yake ya Grievous Angel ya mwaka 1974 ina mkusanyiko wa nyimbo mbili uliotambulishwa kuwa umerekodiwa tamashani kaskazini mwa Quebec, ilhali ulipigwa studioni na makelele ya watu yakaongezwa juu yake. Ilikuwa mzaha, na unapendeza. Lakini weka kando yake matangazo aliyoyafanya na mwimbaji mwenzake Emmylou Harris kwenye redio ya WLIR huko Hempstead, New York, Machi 1973, yaliyokuja kutolewa kama albamu mwaka 1982: watazamaji ni wachache, makofi ni kidogo, sauti mbili zinatafutana na mara nyingine hazikutani vizuri, na bado uhai wake hauigiziki. Upande wa pili wapo bendi ya Eagles. Albamu yao ya Eagles Live ya mwaka 1980 ilirekebishwa sana kwa sababu wanabendi walikuwa wamekosana kiasi cha kutotaka kukaa chumba kimoja. Marekebisho yalifanywa wengine wakiwa Los Angeles na wengine Miami, kanda zikisafirishwa kwa kampuni ya vifurushi. Sauti zao zinalingana kikamilifu, na ninaposikiliza najikuta nikivutiwa na usafi wake dakika tano za kwanza, kisha nachoka.

Utatambuaje? Chukua vifaa vya masikioni na ufuatilie sauti moja tu. Mwimbaji aliye jukwaani husogea na kurudi kwenye maikrofoni, pumzi yake husikika baada ya kipande cha kasi, na anaponyamaza dramu huendelea kuvuja kupitia maikrofoni yake. Sauti iliyorudiwa studioni hukaa mahali pamoja, haina pumzi, na ikinyamaza huacha shimo. Sikiliza pia makofi: kama yanaanza ghafla kwa kiwango kilekile baada ya kila wimbo, au kama mlio wa ukumbi unabadilika wimbo unapoanza, kuna mkono wa mhariri. Si kila marekebisho ni dhambi. Kurudia mstari mmoja wa kuitikia ambao maikrofoni yake ilizimika ni jambo la kawaida, na halijeruhi chochote. Kinachoua rekodi ni kugusa dramu na besi, kwa sababu wengine wote waliamua kila walichopiga kwa kuzisikia hizo mbili.

Nisije nikakufanya udhani kwamba nguvu ni sauti kubwa. Mwaka 1991 Emmylou Harris alirekodi Nashville katika ukumbi wa Ryman, jengo la mwaka 1892 ambalo wakati huo lilikuwa limechakaa kiasi kwamba waliruhusiwa kuingia watu wapatao 200 tu kila usiku, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa juu ya roshani wala chini yake. Vyombo vilikuwa vya mbao na nyuzi, bila amplifaya zinazounguruma. Rekodi inakukamata vilevile, na inaaminika kuwa ilichangia jengo hilo kukarabatiwa.

Kuhusu onyesho lenu, jihadharini kwanza na mtego unaowanasa wengi, nao ni kurekodi kutoka kwenye miksa ya ukumbi peke yake. Katika ukumbi mdogo, amplifaya ya gitaa na dramu husikika vya kutosha zenyewe, kwa hiyo fundi hupitisha kwenye miksa sauti ya mwimbaji na vingine kidogo tu. Mkichukua mkondo huo mtapata mwimbaji mkubwa anayeelea juu ya bendi iliyo mbali, kavu kama tangazo la redio. Wekeni maikrofoni ya kila chombo hata kama haihitajiki kwenye spika za ukumbi, kila moja kwenye mkondo wake, na mbili zaidi za kunasa chumba, zikiwa zimeelekezwa kwa watu na zimewekwa mbali na kaunta, maana chupa na glasi husikika kuliko mnavyodhani.

Maikrofoni za chumba zina shida yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo mita 20 kutoka jukwaani hupokea pigo la dramu karibu sehemu 60 za elfu za sekunde baada ya ile iliyo jukwaani, na mkizichanganya bila kusahihisha, dramu zitasikika mara mbili na ule mshindo mnaoutafuta utageuka tope. Kwenye kompyuta, usogezeni mkondo wa chumba uanze mapema zaidi mpaka mapigo yalingane, kisha usikieni. Wakati mwingine kuuacha uchelewe kidogo hupendeza, ila iwe kwa kuamua. Mwanzoni mwa usiku mmoja wenu agonganishe viganja pia, mara moja kwa nguvu, katikati ya jukwaa maikrofoni zote zikiwa wazi, ili muwe na alama ya kulinganishia.

Simameni karibu karibu kama mnavyosimama siku zote, hata kama fundi atawaomba mtawanyike. Vifaa vya masikioni vyenye mlio wa kuhesabu mapigo achaneni navyo usiku huo. Rekodini usiku mbili katika ukumbi uleule, kwa mpangilio uleule wa nyimbo, kama Cash alivyofanya mara mbili kwa siku moja, na mkichagua, chagueni wimbo mzima kutoka usiku mmoja badala ya kuunganisha beti la Ijumaa na kiitikio cha Jumamosi. Na mwimbaji akisisitiza kurudia mstari aliouharibu, aurudie katika ukumbi huohuo kabla vyombo havijafunguliwa, akiwa na maikrofoni ileile mkononi na bendi ikimpigia nyuma yake, si wiki mbili baadaye chumbani kwa mtu.